Nyumba ya Kibaha: shajara ya mwaka wa kabla ya tofali la kwanza

Aprili 2024: kiwanja kikiwa kimelowa

Mvua za mwaka huu zimepitiliza. Vuli ilikuja na nguvu ya El Niño, na kabla ardhi haijakauka masika yakaingia. Rufiji watu wamehama makazi yao kwa mafuriko. Huku kwetu Kibaha bodaboda hazipandi mtaani, abiria anashushwa barabara ya lami na kumalizia kwa miguu. Mume wangu alishauri tusubiri kukauke ndipo tukakague kiwanja. Mimi nilitaka twende sasa hivi, mvua ikiwa inanyesha, kwa sababu mwezi wa Septemba kila kiwanja kinapendeza.

Kiwanja ni mita 20 kwa 30. Kimepimwa, na hati ina majina yetu wawili. Habari za hati sitazirefusha: kabla ya kutoa fedha tulifanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi, tukaenda na mpimaji akatuonyesha bikoni (mawe ya mpaka) zote nne kwa namba zake, kisha tukakaa na majirani na viongozi wa serikali ya mtaa. Anayesoma hapa na bado hajafanya hayo, ayafanye kwanza. Ramani itamsubiri.

Nilisimama na mwavuli kona ya kaskazini mashariki, ambayo ndiyo ya juu. Maji yanaingia kutoka barabara ya mtaa upande wa mashariki, yanakata kiwanja kwa mshazari na kutuama kona ya kusini magharibi. Nikachomeka vijiti kuifuata njia yake yote. Mzee wa jirani, aliyehamia hapa enzi za mikorosho, akatoka barazani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuyaona maji? Umefanya vizuri. Wengi huja jua likiwaka, wakishajenga ndio wanakuja kuniuliza."

Akanionyesha kwenye mwembe wake alama ya maji ya mwaka mbaya kuliko yote anaoukumbuka. Nikapima kwa utepe kutoka ardhini, nikaandika. Kutokana na alama ile tumeamua mambo matatu kabla hata ya kumwona mchora ramani. Sakafu itakuwa sentimita 45 juu ya ardhi. Mfereji utapita mpaka wa kusini uyapeleke maji kona ya chini bila kugusa nyumba. Na kona hiyo ya chini haitajengwa kitu: si chumba, si shimo la choo, si tangi. Tutapanda migomba, inayapenda maji.

Mei 2024

Mwanzoni mwa mwezi Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha kuhusu Kimbunga Hidaya. Kilipofika maeneo ya Mafia kilipungua nguvu, nasi huku tulipata upepo na mvua. Lakini usiku ule sote tulikuwa tunasikiliza bati za nyumba ya kupanga zikipiga, nami asubuhi nikaandika kwenye daftari la maswali ya mhandisi: kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, zinashikwa na nini? Jibu alilonipa baadaye ni kwamba vipande vya nondo vya kufungia kenchi vinatakiwa kuchomekwa ndani ya mkanda wa juu, yaani zege linalofunga kuta zote kwa juu, wakati likimwagwa, kisha vikunjwe juu ya mbao. Gharama yake ni ndogo mno. Ila zege likishakauka nafasi hiyo imepita, na fundi hubaki kupigilia misumari tu.

Juni 2024: kuuliza udongo

Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia. Mhandisi wetu amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, tulihakikisha kabla ya kumlipa. Alitaka mashimo manne ya majaribio, moja kila pembe ya mahali nyumba itakapokaa, kina cha mita moja na nusu. Vibarua walichimba, yeye akashuka ndani ya kila moja.

Sentimita 20 za juu ni udongo mweusi wenye mizizi. Huo unaondolewa wote chini ya nyumba, kwa sababu mizizi ikioza ardhi inadidimia. Chini yake kuna mchanga mwekundu ulioshikana, nao unaendelea hadi chini katika mashimo matatu. Shimo la kusini magharibi ni tofauti: kwenye sentimita 70 ulianza udongo wa kijivu unaonata. Mhandisi akaulowesha, akauviringisha kiganjani kuwa uzi mwembamba, na uzi haukukatika. Huo ni mfinyanzi. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unasinyaa, na nyumba iliyokaa nusu juu ya mchanga na nusu juu ya mfinyanzi hupasuka pale udongo unapobadilika. Anasema kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaofanya nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi, msingi wa kawaida haufai kabisa.

Tukaisogeza nyumba mita mbili kuelekea mashariki, mpaka pembe zote nne zikawa juu ya mchanga mwekundu. Kwa sasa kuisogeza ni kung'oa vigingi vya mti na kuvichomeka upya.

Siku ileile tulipima unyonyaji wa maji upande wa kaskazini magharibi, linapotakiwa kukaa shimo la maji taka. Tulichimba kishimo, tukakijaza maji jioni udongo ushibe, asubuhi tukajaza tena na kupima yanavyoshuka. Yalishuka vizuri. Tukavuta utepe hadi kisima cha jirani wa kusini: zaidi ya mita 30, ambao ndio umbali unaoshauriwa kati ya shimo la choo na kisima. Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyofuta ndoto ya mume wangu ya kuchimba kisima chetu. Kiwanja kizima kina urefu wa mita 30, na mashimo ya majirani yako hapohapo nje ya mpaka. Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto naijua kila msimu wa mvua. Kisima cha karibu na choo sikitaki, hata maji yake yawe yanang'aa.

Julai 2024: nyumba ya majivu

Kabla ya kumpa mchora ramani kazi, tulitaka kujua tunataka nini kwa vipimo, maana "chumba kikubwa" kila mtu ana chake. Tukabeba ndoo za majivu na kamba, tukaichora nyumba ardhini kwa ukubwa wake halisi. Watoto walikuwa wanapita "mlangoni" kwa heshima zote. Tulilaza boksi kubwa tulilolikata kwa kipimo cha kitanda cha tano kwa sita, tukaona kwamba chumba cha mita 3 kwa 3 kinakubali kitanda hicho, lakini kabati likiwekwa mlango wake haufunguki. Kikaenda mita 3.3 kwa 3.6. Sebule tuliyoiota ilikuwa kubwa kupita haja, tukaipunguza.

Mama mkwe tulimletea kiti, akakaa "sebuleni" akitazama. Ana miaka yake, na magoti yanamsumbua. Nilimwomba aende kutoka kitandani hadi chooni kwa njia ile ya majivu, kwa kasi yake ya usiku. Akafika, akasimama, akasema, "Mwanangu, hapa nitashika wapi?" Kwa swali lake hilo ukuta wa choo utawekewa mahali pa kushika, na hapo tofali zitajazwa zege ili chuma kisije kung'oka. Milango yote ya ndani itakuwa na upana wa sentimita 90, na wa choo nao vilevile. Naona mafundi wengi wanaweka mlango wa choo mwembamba kuliko yote nyumbani, wakati chooni ndiko mgonjwa anakopelekwa akiwa ameshikwa na watu wawili.

Likaja suala la ngazi. Sakafu ikiwa sentimita 45 juu ya ardhi, mteremko wa kiti cha magurudumu unaopandika vizuri ni wa moja kwa kumi na mbili, yaani urefu wa mita 5.4. Mita 5.4 huwezi kuzipachika baadaye ukishajaza maua na maegesho. Tumeziweka kwenye ramani leo, zikitembea sambamba na baraza upande wa kusini. Hata kama hatutaujenga mteremko mwaka wa kwanza, pale hapatawekwa kitu kingine.

Agosti 2024: ramani, jua na upepo

Rafiki zetu wametutumia ramani nyingi kwenye simu, nyingine nzuri sana machoni. Nyingi ni zile za paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Sizipingi kwa anayeweza kuzitunza, lakini maji yote ya paa lile yanategemea mifereji iliyojificha, na mfereji ukiziba kwa majani maji yanashuka ndani. Sisi tumechagua mgongo wa tembo, paa la pande mbili. Kuna sababu nyingine ya kulichagua, nitaieleza nikifika kwenye vituo vya ujenzi.

Msanifu wetu alianza na jua. Huku kwetu, karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, jua la mchana hupita karibu utosini mwaka mzima, na kuta za kaskazini na kusini zinakingwa kirahisi na upenu. Kuta zinazoumia ni za mashariki na magharibi, kwa kuwa asubuhi na jioni jua linakuja limelala na upenu hauliwezi. Kwa hiyo nyumba inalala mashariki hadi magharibi: mita 9 upande huo, mita 8 kaskazini hadi kusini, na madirisha makubwa yanatazama kaskazini na kusini. Mwezi Juni, jua likiwa limeelemea kaskazini kabisa, upenu wa sentimita 90 unatupa kivuli cha karibu mita moja na nusu kwenye ukuta wa kaskazini. Desemba likielemea kusini, upenu huohuo unakinga ukuta wote wa kusini. Ukuta wa magharibi, unaochomwa na jua la saa kumi, ameupa jiko, stoo na choo. Vyumba vya kulala viko mbali nao.

Upepo ukakubaliana na jua. Kusi huvuma kuanzia kama Aprili hadi Oktoba, kaskazi inafuata, na zote mbili zinapita katika madirisha yanayotazamana. Zote huwa zinatokea upande wa mashariki kidogo, ndiyo maana moshi wa jiko na harufu ya chemba upande wa magharibi zinaondoka bila kupita sebuleni. Jiko na choo vinagawana ukuta mmoja, hivyo bomba la maji ni moja, njia ya maji taka ni moja, na siku ya kuvuja tunajua pa kutazama.

Madirisha yote yana wavu wa mbu kwenye bajeti, na nafasi kati ya ukuta na bati inazibwa kwa wavu. Mkoani Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 vijijini kupima kama umbo la nyumba lenyewe linaweza kupunguza malaria na maradhi mengine ya watoto, na waliweka vyumba vya kulala ghorofani kwa kuwa mbu hupungua kadiri unavyopanda juu. Ghorofa hatuiwezi. Wavu tunauweza.

Oktoba 2024

Karibu na tarehe 10 jua linapita utosini kabisa hapa kwetu. Tulisimamisha mti wima katikati ya kiwanja, na mchana kivuli kikajikusanya kwenye shina. Asubuhi na jioni tuliweka alama za mashariki na magharibi ya kweli, tukazilinganisha na ramani ya msanifu. Zimelingana.

Mwezi huu pia tulikwenda Mwenge, kwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kuona matofali ya kufungamana. Ni kazi nzuri: udongo wa eneo husika huchanganywa na saruji kidogo, tofali zinashikana zenyewe, na saruji ya kujengea inapungua sana. Nilivutiwa kweli. Kilichotuzuia ni kwamba nyumba yetu itaongezwa miaka ijayo, na sijui fundi wa siku hiyo atakuwa nani. Tofali za inchi 6 kila fundi wa Kibaha anazijua. Angekuwa mtu anayejenga yote kwa wakati mmoja na fundi aliyefunzwa, ningemshauri achukue zile za Mwenge.

Novemba 2024: vituo

Watu wa kipato chetu hatujengi kwa mkupuo. Tunadunduliza: mshahara, mkopo wa SACCOS, mchezo wa kupeana kazini, kuku wa mayai. Wala si jambo la kuonea haya, nyumba nyingi za nchi hii zimesimama kwa njia hiyo. Lakini ramani na makadirio huandaliwa kama vile fedha itakuwapo kila Jumamosi. Nyumba ya kudunduliza itasimama njiani, zaidi ya mara moja. Ada za shule zitakuja, kutakuwa na msiba, bei ya nondo itapanda. Ndiyo maana jambo ambalo mimi na mume wangu tumelitolea jioni nyingi kuliko yote mwaka huu ni hili: itakaposimama, isimame wapi?

Tumetembea mtaa mzima tukiyatazama maboma, nyumba zilizoachwa kabla ya kuisha. Kila boma ni jasho la mtu, na nimezungumza na wenyewe kwa heshima. Mengi yalisimama kwenye kozi (mstari wa tofali) ya saba au ya nane, chini ya mkanda. Ukuta wa hivyo haujafungwa na kitu juu. Mvua inaingia kwenye matundu ya juu, kuvu inapanda, nondo zilizobaki zimechomoza zinakula kutu, na mwenye nyumba akirudi na fedha baada ya miaka kozi za juu zinabomolewa kwanza. Mengine yalisimama kabla ya hapo, kwenye msingi. Mtaro uliochimbwa na kuachwa unajaa maji, kuta zake zinaporomoka, na chini ardhi iliyokuwa ngumu inageuka tope.

Basi tukakaa na mhandisi tukaipangia nyumba vituo. Kituo ni mahali ambapo kazi ikikatika hata mwaka mzima, kilichojengwa hakiharibiki.

Kituo cha kwanza ni jamvi, yaani zege la sakafu. Kuchimba mtaro, kumwaga zege la chini, kujenga msingi, kujaza kifusi, kushindilia, kupiga dawa ya mchwa, kutandika nailoni na kumwaga jamvi, yote ni kazi moja. Hatutachimba mpaka fedha ya jamvi iwepo. Jamvi la mita 9 kwa 8, unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 7.2, na kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne linakula karibu mifuko 46 ya saruji. Likimwagiliwa maji vizuri na kufunikwa, linasubiri bila shida.

Ndani ya kituo hiki tumeingiza tangi la chini ya ardhi, na hapa ndipo mipango ilianza kutulipa. Tangi la mita 3 kwa 3, kina mita 2, linabeba lita 18,000. Udongo utakaotoka shimoni ni mchanga mwekundu uleule, nao unatosha zaidi ya nusu ya kifusi cha chini ya jamvi, hivyo tripu za kifusi zinapungua. Tangi likikamilika linatunza maji ya kujengea, ya kumwagilia tofali na zege. Na paa likishaezekwa linapokea mvua: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu pamoja na upenu ni karibu mita za mraba 105. Ukanda huu ukipata mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, na moja ya tano ikipotea, tunavuna karibu lita 84,000. Sisi watano tukitumia lita 250 kwa siku, tangi lililojaa mwishoni mwa masika linatuvusha siku 72 bila tone la bomba. Liko kona ya kaskazini mashariki, juu, mbali na choo, na limeachana na msingi kwa umbali unaozidi kina chake ili lisiulegeze. Mfuniko unafungwa, na matundu ya kupumulia yana wavu mwembamba. Kibaha ndiko kilipo kiwanda cha viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi vya mbu, itakuwa ajabu sisi wakazi wake tukiwafuga nyumbani.

Kituo cha pili ni bati. Kutoka kozi ya kwanza hadi paa hatusimami. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa inataka fedha za kuta, mkanda, kenchi na bati ziwe tayari kabla ya kuta kuanza. Mume wangu aliumia kidogo: "Yaani jamvi likae miezi na tofali tunazo?" Ndiyo, likae. Tofali zinazidi kukomaa zikisubiri, ukuta mtupu unaharibika.

Kituo cha tatu ni kuhamia. Si nyumba iliyomalizika. Ni vyumba viwili, sebule, jiko na choo, milango ya nje, grili na wavu, umeme na maji, sakafu ya saruji. Dari hakuna, plasta ya nje hakuna. Tunahamia hapo kwa sababu siku tunapohama, kodi tunayompa mwenye nyumba kila mwezi inageuka kuwa fedha ya ujenzi, nayo ndiyo itakayolipa kituo cha nne: plasta, dari, rangi, vigae.

Kituo cha tano ni vyumba viwili zaidi upande wa mashariki, watoto wakikua. Hapa ndipo mgongo wa tembo unapofaa. Paa la pande mbili linarefushwa kwa kuendeleza kenchi zilezile, bila kuvunja paa la zamani. Dirisha la mwisho wa korido limepewa upana wa mlango na linta yake (boriti ya zege ya juu), siku hiyo tunatoa tofali za chini ya dirisha tu. Mhandisi hataki ukuta mpya uunganishwe na wa zamani kwa meno, yaani tofali kuingiliana, kwa kuwa msingi mpya utatulia kidogo wakati wa zamani umeshatulia. Ameweka kiungo cha wazi cha sentimita 2, kitakachozibwa kwa kitu laini. Mabomba ya nyaya yataishia kwenye ukuta huo, yakiwa yamefunikwa.

Januari 2025: kiasi kwanza, bei baadaye

Mkadiriaji majenzi ametupa mchanganuo wote, umegawanywa kwa vituo kama tulivyomwomba. Daftari letu lina safu mbili: kiasi, na bei ya wiki husika iliyoandikwa kwa penseli. Bei zinabadilika, kiasi hakibadiliki. Kwa mfano tofali: msingi 540, kuta za juu 1,320, zikiwemo za kuvunjika. Nikiulizwa nyumba itagharimu kiasi gani, nasema kwanza tofali 1,860, kisha ndipo napiga simu kuuliza bei.

Tumeainisha pia nini kinunuliwe mapema. Tofali, mawe na mchanga vinaweza kusubiri. Nondo zinaweza zikiinuliwa juu ya ardhi na kufunikwa. Mbao zilizotiwa dawa zinapangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Bati zisirundikwe zikiwa na maji katikati, zinapata madoa na kutu. Saruji hatununui mapema hata ikishuka bei: inavuta unyevu, inaganda mabonge, na nguvu yake inapungua kila mwezi inaokaa stoo. Itanunuliwa ya wiki, ipangwe juu ya mbao mbali na ukuta.

Maombi ya kibali cha ujenzi yamepelekwa halmashauri: ramani za msanifu, michoro ya mhandisi, nakala ya hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi. Afisa aliyepokea alikagua umbali kati ya nyumba na mipaka, pamoja na vyumba vya kituo cha tano. Tuliviombea vyote kwa pamoja, ili nyumba itakapoongezwa isiwe kinyume na ramani iliyopitishwa.

Machi 2025

Kibali kimetoka. Tumepiga nakala, moja itakaa saiti.

Fundi tumempata kwa kuangalia kazi zake, zikiwemo za miaka kadhaa nyuma, na kuongea na wanaoishi ndani. Makubaliano yameandikwa na kusainiwa mbele ya shahidi: analipwa kwa hatua iliyokaguliwa na mhandisi, vifaa tunanunua sisi, na mambo manne ameyakubali kwa maandishi. Mfuko mmoja wa saruji utatoa tofali 30, zisizidi. Maji ya zege yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, hata kama vibarua watataka zege la uji kwa kuwa linamwagika kirahisi. Kila kilichomwagwa kitamwagiliwa maji siku 7 kamili. Nondo zisifunikwe na zege kabla mhandisi hajaziona.

"Mama, kwa mwendo huu mtanisimamia sana," fundi aliniambia.

"Fundi, tutakusimamia, na tutakulipa kwa wakati."

Akacheka, akasaini.

Masika yanaanza, kwa hiyo hatuchimbi. Tangi na mtaro ni Juni. Wiki ijayo mpimaji anarudi kuhakiki bikoni, kisha tunajenga kibanda cha stoo kwa bati chakavu na kushusha mchanga wa tofali. Kufyatua kutaanza chini ya turubai, tofali 540 za msingi kwanza, na mume wangu ameshachukua zamu ya kumwagilia ya asubuhi, kabla ya kipindi chake cha kwanza shuleni. Ya jioni ni yangu.